Kiweko cha Darubini Yetu

Watu wakiiona darubini husifu vioo, wala hawajali kiweko kinachoibeba. Lakini darubini isiyotulia haina faida, hata ingekuwa nzuri namna gani. Jambo hili latuhusu sasa, kwa kuwa klabu yetu ya sayansi ina fedha za kiweko kimoja tu, nasi wanachama tumegawanyika.

Wengine wataka kile cha chuma chenye mhimili wa kuifuata nyota. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Tukikuza mara 50, nyota huvuka duara tunaloliona kwa dakika nne hivi, kisha imepotea. Mhimili ukielekezwa sawasawa kwenye ncha ya mbingu, kazi yako ni kuuzungusha polepole tu. Ni chombo cha akili sana. Ila mhimili huo lazima uinuliwe kwa nyuzi za latitudo ya mahali. London ni 51 na nusu. Hapa Lindi ni 10, na kwetu Kilwa Masoko ni 9 tu. Basi hapa hulala karibu kabisa, na viweko vingi havikutengenezwa kulala hivyo: uzito wa kusawazisha hugonga mguu. Tena nyota ya jaa, wanayoelekezea watu wa kaskazini, kwetu haionekani, na ncha ya kusini haina nyota ya kung'aa. Manahodha waliokuja Kilwa zamani walikwisha kuizoea hasara hiyo. Jaa ikizama, walishika nyota nyingine.

Mimi nachagua sanduku. John Dobson wa San Francisco, Marekani, ndiye aliyelieneza tangu miaka ya 1960: sanduku la mbao lizungukalo juu ya ubao, na darubini huinuka na kuinama ndani yake. Likizo ya Juni mwalimu aliniruhusu kwenda na darubini nyumbani, na seremala jirani yetu akanitengenezea sanduku la plaiwudi. Penye msuguano tulipigilia vipande vya dumu la mafuta, nalo huteleza bila kukwama. Mbingu zetu ni safi wakati wa kusi, na kusi hutikisa miguu mitatu mirefu kama mlingoti. Sanduku hukaa chini, limetulia.

Bibi yangu miguu humuuma, hawezi kusimama akainama. Alikaa juu ya kigoda, akatazama mpaka akaridhika.

"Mjukuu wangu," akasema, "kumbe mwezi una makovu kama mimi!"

Kisha akawaita majirani, na hata baada ya isha watu walikuwa bado wamepanga mstari uani.

Nakubali, kwa sanduku huwezi kupiga picha za nyota hafifu, na lazima ulisukume kwa mkono kila mara. Lakini kurudi nilikuja nalo mapajani, toka Nangurukuru hadi Lindi.

Kura ni Ijumaa. Sisi wa kidato cha nne tutaondoka Novemba, na kiweko kitabaki kwa wadogo zetu. Wale wa kidato cha pili wanaotaka cha chuma, nawaomba kwanza wafunge mzigo wa uzito huo, waubebe hadi kituo cha basi.