Lugha ya Milimani na Lugha ya Bondeni

Ndugu msomaji, Jumapili ni siku ya kuupumzisha mwili, lakini fikra hazina likizo. Leo naomba tuandamane tukazitazame lugha mbili ambazo ni nadra kutajwa pamoja: Kidzongkha, lugha ya taifa la Bhutan, na Kiholanzi, lugha ya Uholanzi na ya nusu ya kaskazini ya Ubelgiji. Pengine utauliza, "Zanihusu nini mimi ninayeamka alfajiri kuwahi zamu kiwandani?" Nakusihi usiwe na haraka, kwani jibu liko njiani.

Bhutan ni nchi ndogo iliyobanwa katika milima ya Himalaya, baina ya China na India, na wananchi wake wote hawafiki milioni moja. "Dzong" ni ngome na "kha" ni lugha; basi Kidzongkha maana yake ni lugha ya ngome, kwa kuwa ndani ya ngome hizo ndimo walimokaa watawala na watawa. Uholanzi nayo ni nchi ya bondeni, ambayo karibu robo yake iko chini ya usawa wa bahari na hulindwa kwa kuta za udongo. Kiholanzi ni ndugu wa Kijerumani na Kiingereza. Kidzongkha ni ndugu wa Kitibeti. Hakuna damu inayoziunganisha lugha hizi.

Maandishi yake pia ni mbalimbali. Kiholanzi huandikwa kwa herufi hizi hizi uzisomazo gazetini, ila herufi yake ya "g" hukwaruza kooni mfano wa "kh" ya "kheri" itamkwavyo na wazee wa pwani. Kidzongkha huandikwa kwa herufi za Kitibeti zenye konsonanti 30, na kila silabi hutengwa na mwenzake kwa nukta. Zaidi ya hayo, herufi nyingi huandikwa wala hazitamkwi, na mtoto wa shule hana budi kuzikariri tu.

Lakini tukiingia ndani ya sentensi tunakuta jambo la ajabu. Katika Kidzongkha kitenzi hukaa mwisho: "mimi wali nala." Mholanzi husema kama sisi, "mimi nala wali", ila akianza na neno "kwa sababu", kitenzi chake hukimbilia mwisho, naye husema, "kwa sababu mimi wali nala." Hapo watu wa bondeni na watu wa milimani hukutana bila kuagana.

Kilichonivutia kuliko vyote ni neno "ni". Kidzongkha kina namna mbili za kulisema. Ya kwanza ni ya jambo ulilolijua tangu zamani, kama mama asemapo, "Huyu ni mwanangu." Ya pili ni ya jambo ulilolitambua sasa hivi. Sisi kazi hiyo tumelipa neno "kumbe": "Kumbe huyu ni mgeni!" Ama kuhusu heshima, Mbhutan humalizia usemi wake kwa silabi "la" ili kumstahi amsikilizaye, na Mholanzi ana "wewe" ya rafiki na "wewe" nyingine ya mtu wa kuheshimiwa. Tofauti ya njia si tofauti ya adabu.

Sasa tuje kwenye kiini. Lugha zote mbili zilipata kudharauliwa nyumbani kwao. Huko Bhutan, maandishi ya dini na ya serikali yalikuwa katika Kitibeti cha kale, na Kidzongkha kikaachiwa mazungumzo. Kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1971, na mwaka 1986 ikaundwa tume ya kukiendeleza. Hata hivyo, mpaka leo masomo mengi shuleni hufundishwa kwa Kiingereza.

Huko Ulaya, wataalamu waliandika kwa Kilatini. Ndipo akatokea Simon Stevin, mzaliwa wa Brugge, aliyeishi kuanzia 1548 hadi 1620. Yeye alishikilia kwamba elimu iandikwe kwa lugha ya wananchi, naye mwaka 1586 akatoa kitabu cha elimu ya mizani kwa Kiholanzi. Hisabati aliipa jina la Kiholanzi lenye maana ya "elimu ya hakika", na jina hilo Waholanzi wanalitumia hadi leo. Pamoja na hayo, Wabelgiji wasemao Kiholanzi waliendelea kusomeshwa chuo kikuu kwa Kifaransa mpaka mwaka 1930, Chuo Kikuu cha Gent kilipogeuzwa kuwa cha Kiholanzi kitupu. Ni dhahiri kwamba lugha yao haikupungukiwa maneno. Ilipungukiwa vyumba vya kusemewa.

Lakini tusidanganyike. Lugha inayoinuliwa yaweza pia kugeuzwa fimbo. Mwaka 1989 Bhutan iliondoa masomo ya Kinepali katika shule za kusini, na katika miaka iliyofuata maelfu kwa maelfu ya raia wa asili ya Nepali walijikuta wakimbizi. Na Kiafrikana, mtoto wa Kiholanzi, ndicho makaburu walichotaka kuwalazimisha wanafunzi wa Soweto. Tarehe 16 Juni 1976 watoto hao waliandamana kwa amani, wakajibiwa kwa risasi. Kuipenda lugha yako ni wajibu. Kumnyang'anya mwenzako ya kwake ni dhuluma.

Ndugu msomaji, jibu la swali lako ndilo hili. Sisi tulianzisha Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na lugha yetu ilituunganisha makabila zaidi ya mia moja bila ya kuziua lugha za bibi zetu. Lakini mtoto wa mfanyakazi akimaliza shule ya msingi aliyosoma kwa Kiswahili, huingia sekondari na kukuta elimu imebadili mlango. Wako wazazi wanaojivunia kwamba mtoto wao hajui kuamkia kwa Kiswahili. Mimi sikipigi vita Kiingereza; Mholanzi wa leo anakijua vizuri kuliko wengi wetu, na bado anajifunza hesabu kwa maneno ya Stevin.

Basi leo, kabla chakula cha mchana hakijaiva, mwulize mwanao akueleze kwa Kiswahili somo alilofundishwa juzi. Akikwama, msimcheke, tafuteni neno pamoja. Na kama bibi yupo, mwulizeni naye, kwani huenda analo.