Kazi Yenye Sina Nayo Tena



Leo ninataka kuwaelezea namna neno moja dogo lilinifunga mara mbili. Neno lenyewe ni "pansio". Katika biro moja nililificha, na katika biro ya pili nililidai kwa nguvu. Pande zote mbili nilipata haya. Vijana, musiseme hii ni habari ya wazee. Ninawaandikia ninyi zaidi.

Nilianza kazi ya umeme katika migodi mwaka wa 1982. Nilikuwa na miaka 24. Wakati ule tulikuwa tunasema: kampuni ni baba, kampuni ni mama. Unga wa bukari ulitoka kule, lopitali ilitoka kule, masomo ya watoto vilevile. Nani angejisumbua na karatasi? Karatasi zilikuwa mambo ya makalani. Nilitumika pale mpaka 2003. Kisha, tangu 2006 mpaka 2015, nilitumika kwa kampuni ndogo yenye ilikuwa inashika kazi za makampuni makubwa. Mwaka ule wa 2015 bei ya shaba ilishuka sana, kazi zikapungua, wakaturudisha nyumbani. Nilikuwa na miaka 57.

Mutu wa migodi akikosa kazi anakuwa kama taa yenye kukatwa umeme. Inaningʼinia pale pale, lakini hakuna mwenye kuiangalia. Asubuhi nilikuwa ninaamka saa kumi na moja sawa zamani, ninavaa, ninakaa mulangoni. Watu wakinisalimu "Sefu, habari ya kazi?", nilikuwa ninajibu "Ni muzuri." Uongo wangu ulianzia pale, kwa salamu.

Mwaka wa 2020 watoto walinisaidia kununua motokari, Toyota ya zamani yenye ilipitia Kasumbalesa. Motokari bila asiransi haiendi barabarani. Kwetu, tangu 1973, sheria inalazimisha kila mwenye motokari kulipa asiransi juu ya watu wengine, maana yake, ukigonga mutu, kuwe na feza ya kumutunza. Zamani ilikuwa nyumba moja tu ya serikali, SONAS. Sheria ya 2015 ilifungua mulango, na tangu 2019 makampuni mengine yalipewa ruhusa. Basi nikaenda kwa moja yao.

Kijana wa biro alinipa karatasi ya kujaza. Jina, niliandika. Mwaka wa kuzaliwa, niliandika. Halafu: "Kazi yako". Kalamu ikasimama. Niliona kama kijana yule ananiangalia. Nikaandika: fundi mukubwa wa umeme. Miaka mitano nilikuwa sina kazi ile tena! Nikaandika na jina la kampuni. Chini waliuliza: "Motokari itatumika namna gani?" Nikaandika: ya nyumbani. Hiyo ilikuwa kweli siku ile. Nyuma ya miezi mitatu haikuwa kweli tena, kwani mwana wangu wa tatu alianza kuchukua watu jioni, taksi ya kificho, tupate feza ya unga. Mwaka wa pili nilirudi kulipa asiransi, wakaniuliza kama kuna kitu kilibadilika. Nikasema hapana.

Sasa musikilize mambo ya biro ya pili.

Mwaka wa 2018 nilikuwa nimefika miaka 60. Sheria mupya ya 2016 juu ya ulinzi wa wafanyakazi inasema hiyo ndiyo miaka ya pansio, kwa mwanaume na kwa mwanamuke. Mwaka ule ule wa 2018 INSS, yenye tulijua tangu 1961, iligeuka kuwa CNSS. Nikapeleka dosie yangu kule, kichwa juu. Kalani, mama mumoja mwenye heshima, alitafuta jina langu, akatafuta tena.

"Papa, miaka ya kwanza iko. Lakini hii ya 2006 kufika 2015, tunaona miezi 14 tu."

"Mama, nilitumika miaka tisa! Kila mwezi walikuwa wananikata!"

"Ninakusadiki, Papa. Walikukata. Lakini ile feza haikufika huku. Uko na fishe za mushahara?"

Hapa ninataka vijana wafahamu vizuri. Kila mwezi mutumishi anakatwa 5 kwa mia ya mushahara wake juu ya pansio. Mwenye kazi naye anaongeza 13 kwa mia yake mwenyewe: 5 juu ya pansio, 6.5 juu ya posho ya watoto, 1.5 juu ya hatari za kazi. Jumla ni 18 kwa mia. Tuchukue mushahara wa franka 200.000. Wewe unakatwa 10.000, mwenye kazi anatoa 26.000, na yeye ndiye anapaswa kupeleka zote 36.000. Wewe hauzipeleke, hauzione zikienda. Unaona tu mustari mumoja kwenye fishe. Kama mwenye kazi ni mwizi, ule mustari unakuwa ndio mushuhuda wako wa pekee.

Na mushuhuda wangu nilikuwa nimemuchoma. Mwaka wa 2015, siku nilirudi nyumbani, nilikuta bibi yangu anapanga fishe zangu ndani ya sanduku ya bati. Nikamwambia kwa hasira: "Washa babula na ile takataka, kazi imekwisha." Mama yule alichoma nusu, kwa kunitii. Nusu aliificha chini ya vitambaa, bila kunitii. Zile zenye alizificha ndizo zilinipa neno la kusema. Lakini hazikuonyesha namba ya mwenye kazi. Karatasi yake ilikuwa mbaya, wino ulifutika. Na kampuni yenyewe ilikuwa imefunga mulango, wakubwa wake wamerudi kwao. Dosie ikasimama.

Ndivyo nilikuwa: huku ninasema nilitumika, karatasi zinasema hapana. Kule ninasema ningali ninatumika, na ni uongo.

Mwaka wa 2022, mwezi wa sita, saa moja ya usiku, mwana wangu alikuwa na abiria watatu. Akagonga mutu wa makala. Munawajua: wanasukuma kinga yenye mifuko mirefu, wanatoka porini na usiku, bila taa. Muguu wake ulivunjika pahali pawili.

Nilifika lopitali. Mwana wangu alinivuta kando, anatetemeka.

"Papa, tuseme abiria walikuwa wandugu. Tuseme ulikuwa unatoka kazi, mi nilienda kukukamata. Karatasi ya asiransi inasema uko kazini. Inaingia sawasawa!"

Inaingia sawasawa, kweli. Niliona namna uongo wa kwanza ulikuwa unaniitia wa pili, na wa pili utaita wa tatu. Tena mwana wangu ndiye alikuwa anasimama pale kuujifunza kwangu.

Nikaingia kumuona mugonjwa. Alikuwa muzee kama mimi. Aliniangalia sana, kisha akasema pole pole: "Sefu wa umeme?" Alikuwa mutu wa pompa katika ile ile kampuni ndogo, timu ya usiku. Niliuliza namna gani mutu wa miaka 61 anasukuma makala. Akajibu: "Pansio yangu haiko. Waliniambia miaka yangu haifike. Nikaacha."

Wandugu, ile usiku sikulala.

Kesho yake nilienda biro ya asiransi na kuelezea yote: kazi sina tangu 2015, motokari inachukua watu. Mukubwa wa pale hakupiga kelele. Aliniuliza tu:

"Muzee, juu ya nini haukuandika kama uko mu pansio?"

"Niliogopa mutaongeza bei, ao mutanikatalia juu ya uzee."

Akacheka kidogo, bila ubaya. Akanielezea kama pansio yenyewe haikunizuia kitu. Motokari ya muzee yenye kulala katika lupango haiogopeshi watu wa asiransi sana. Yenye inaogopesha ni ile yenye kutembea usiku na abiria. Wao wanapima hatari, na bei inafuata hatari. Ukificha hatari, ulilipa bei ya kitu kingine. Mutu akikosa kueleza bila ubaya, malipo yanaweza kupunguzwa. Akidanganya kwa kusudi, mapatano yanaweza kuvunjika kabisa. Kumbe neno lenye niliogopa halikuwa na bei. Lile la taksi, lenye nilinyamazia, ndilo lilikuwa na bei.

Asiransi ililipa sehemu, nyuma ya miezi mingi. Sehemu ingine nililipa mimi. Tuliuza Toyota. Mwana wangu alikasirika majuma mawili, kisha akaanza yeye mwenyewe kupeleka chakula kwa mugonjwa.

Na yule ndugu wa pompa? Alikuwa na mufuko wa plastiki, na ndani yake fishe zake zote, kavu, zimepangwa kwa miaka. Kwenye zake namba ya mwenye kazi ilisomeka vizuri. Alipoanza kutembea na fimbo, tulienda pamoja CNSS. Zake zilinisaidia mimi, na mimi nilimusaidia kusema, kwani yeye anaogopa mabiro. Yeye leo anapokea kitu kidogo. Mimi miaka fulani ilikubaliwa, mingine ingali inangoja. Yenye nilichoma, nilichoma.

Basi ninawaachia mambo haya machache.

Wewe mwenye kazi leo: weka kila fishe, hata kama mushahara ni kidogo. Sisi tuliona feza ikifa mbele yetu: mwaka wa 1993 zaïre milioni 3 zilikuwa 1 mupya, na mwaka wa 1998 hizo mupya 100.000 zilikuwa franka 1. Feza inakufa, lakini mwezi wenye kulipiwa na kuandikwa unabaki. Usingoje miaka 60. Enda kuuliza ungali na nguvu kama miezi yako inaingia. Ukiacha kazi, uombe cheti cha mwisho wa kazi siku ile ile, na uulize kama unaweza kuendelea kujilipia mwenyewe. Angalia jina na siku ya kuzaliwa ziwe sawa kwenye karatasi zote.

Wewe baba: ndoa iandikwe kwa serikali, na watoto vilevile. Ukifa, mujane ataulizwa karatasi, hataulizwa machozi.

Na wewe mwenye motokari: andika vile uko, na vile motokari inatumika. Kikibadilika kitu, rudi useme.

Mwaka uliopita nilijaza karatasi ingine, ya mujukuu wangu kwa masomo. Waliuliza kazi ya mulezi. Kalamu haikusimama. Niliandika: pansio. Kisha nikaenda nyumbani kula bukari.