Pumba kwa ng'ombe, sukari kwetu!

KUNA daktari mmoja wa Kiingereza, marehemu sasa, ambaye kila nikimsimulia kijiweni masela wanacheka kwanza, halafu wananyamaza. Jina lake Hugh Trowell. Alizaliwa mwaka 1904, akasomea udaktari St Thomas' Hospital kule London, na mwaka 1929 akaja Kenya kuitumikia serikali ya kikoloni. Mwaka 1935 akahamia Uganda, akawa anatibu Mulago na kufundisha vijana wa Makerere udaktari hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Mkewe, Margaret, ndiye aliyeanzisha shule ya sanaa pale Makerere. Mchoraji wetu Sam Ntiro, Mchagga aliyekuja kuwa balozi wa Tanganyika London baada ya Uhuru, alipitia mikononi mwa mama huyo.

Utaniuliza, sasa huyo mzungu wa zamani anatuhusu nini sisi watoto wa Olasiti? Anatuhusu kwa sababu ya pumba. Ndiyo, pumba hizi hizi za mahindi. Subiri kidogo nitafika huko.

Mimi nilianza kumsoma baada ya mama mkubwa wangu kukutwa na sukari. Alikuwa anakunywa maji kama gari linalovuja rejeta, usiku anaamka mara tano kwenda haja ndogo, na mwili unapungua. Majirani walikuwa na majibu yao: wengine walisema joto, wengine uzee, na mmoja alinong'ona kuwa kuna mtu anamchezea. Kidonda kidogo cha mguuni kiligoma kupona. Mpaka anapimwa damu, sukari ilikuwa juu kwelikweli, na vidole viwili vya mguu wa kushoto vikaondoka. Tangu siku ile nikawa nasoma chochote chenye neno sukari, na huko ndiko nilikokutana na Trowell.

Jamaa huyu ana visa viwili, na vyote vinahusu chakula.

Kisa cha kwanza ni cha njaa. Trowell alipokuwa Kenya, na baadaye Uganda, alikuwa akiletewa watoto wadogo, wengi wao wametoka tu kuachishwa ziwa. Miguu imevimba, uso umevimba, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, ngozi inabanduka kama rangi ya ukuta mbovu. Sisi tunaita kwashakoo. Jina lenyewe limetoka Ghana, kwa lugha ya Waga, na lililetwa kwenye vitabu mwaka 1935 na daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa ameueleza ugonjwa huo miaka miwili kabla. Linamhusu mtoto anayesukumwa pembeni mdogo wake anapozaliwa.

Trowell mwanzoni hakuelewa hivyo. Alidhani ni pelagra, ugonjwa wa kukosa aina fulani ya vitamini B. Akawapa watoto vitamini. Watoto wakaendelea kufa. Daktari mwingine angesema dawa ni nzuri ila wagonjwa ni wabishi! Trowell aliachana na wazo lake. Yeye na wenzake pale Kampala, J.N.P. Davies na R.F.A. Dean, waliendelea kuchunguza mpaka wakaona tatizo liko kwenye sahani: mtoto anashiba ndizi au uji mtupu, lakini protini hapati. Maziwa yalifanya kazi ambayo vidonge vilishindwa. Mwaka 1954 wakatoa kitabu kizima kuhusu kwashakoo. Baadaye wataalamu waligundua kuwa mambo ni magumu zaidi ya protini peke yake, lakini njia ilikuwa imeshafunguliwa.

Kisa cha pili ndicho kinachotuhusu sisi tunaokula zege saa nne usiku.

Trowell alikuwa na tabia moja ya ajabu. Daktari wa kawaida anauliza, huyu anaumwa nini? Yeye aliuliza pia, je, hawa hawaumwi nini? Wodini Mulago alikutana na malaria, kifua kikuu, minyoo, kila balaa. Lakini kuna magonjwa aliyokuwa ameyaona kwa wingi kwao Uingereza, huku kwa Waafrika hayaonekani au ni nadra sana: ugonjwa wa mishipa ya moyo, kidole tumbo, bawasiri, mawe ya kwenye nyongo, ugonjwa wa sukari, hata kufunga choo. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika makala katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki kuhusu Mwafrika mmoja aliyepata ugonjwa wa mishipa ya moyo. Fikiria, msomaji wangu: mgonjwa mmoja tu anaandikiwa makala! Leo ukiandika makala kwa kila mgonjwa wa presha wa Arusha, karatasi itakwisha mjini.

Mwaka 1960 akatoa kitabu juu ya magonjwa yasiyo ya kuambukiza Afrika. Wakati huo alikuwa amesharudi kwao, na akawa mchungaji wa Kianglikana. Ungedhani hadithi imeishia hapo. Wapi!

Rafiki yake wa Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt, yule ambaye jina lake limepewa saratani ya taya za watoto, naye alirudi Uingereza mwaka 1966. Huko akakutana na daktari wa jeshi la majini, Peter Cleave, aliyekuwa akihubiri kuwa wazungu wanajimaliza kwa unga mweupe na sukari nyeupe. Burkitt akakumbuka Uganda. Trowell akakumbuka orodha yake. Wazee wakarudi kazini.

Na unajua walianzia wapi? Chooni! Usicheke. Burkitt na wenzake walipima choo, uzito wake na muda chakula kinaokaa tumboni. Majibu waliyoyatoa mwaka 1972: wanakijiji wa Uganda walitoa karibu gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa saa kama 36. Mabaharia wa jeshi la Uingereza walitoa gramu 104 tu, na safari ilichukua saa 83. Yaani ugali wa mwanakijiji ni basi la moja kwa moja, mkate mweupe wa baharia ni daladala inayosubiri abiria kila kituo.

Tofauti ni nini? Trowell mwaka huo huo wa 1972 alieleza kitu hicho kwa maneno ya kisayansi: ni yale mabaki ya mmea ambayo vimeng'enya vya tumbo la binadamu haviwezi kuyasaga. Sisi tunaita nyuzinyuzi. Kwa miaka mingi wataalamu waliona ni takataka isiyo na faida, kwa kuwa haiingii mwilini. Kumbe kazi yake ni huko huko inakopita. Inashika maji, choo kinakuwa laini. Inachelewesha sukari kuingia kwenye damu, haiingii kwa kishindo. Inashibisha. Mwaka 1975 Trowell na Burkitt wakatoa kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na magonjwa yanayofuatana navyo.

Sasa turudi Olasiti kwenye pumba zangu.

Nenda mashine yoyote ya kusaga hapa kwetu. Mtu analeta debe lake la mahindi, anaagiza yakobolewe mpaka yawe meupe, ndipo yasagwe. Anaondoka na sembe mkononi. Ganda na kiini, ambako ndiko kwenye nyuzinyuzi, madini na hizo vitamini B, vinabaki kama pumba. Pumba zinafungwa kwenye kiroba. Kiroba kinanunuliwa na mfugaji. Na mfugaji mmojawapo ni mama mkubwa wangu, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba.

Siku moja nikamuuliza, "Mama mkubwa, kwa nini ng'ombe unampa pumba?"

Akanishangaa. "Mwanangu, ng'ombe asipokula vizuri atatoa maziwa?"

"Na wewe mbona hutaki dona?"

"Dona nimekula sana nilipokuwa sina hela."

Hapo ndipo penye kazi, jamani. Dona kwetu ni chakula cha shule ya bweni, cha jela, cha mtu aliyefulia. Hata mimi nilipomaliza kidato cha nne, kitu cha kwanza kuomba nyumbani kilikuwa ugali mweupe. Mgeni ukimwekea dona anadhani unamfukuza. Sembe ni heshima, chipsi kuku ni mapenzi, na demu ukimpeleka kula makande kesho hapokei simu.

Heshima hiyo tunailipia. Daktari mwingine Mwingereza, Donald McLarty, mtu wa Scotland aliyefundisha Muhimbili, aliongoza uchunguzi wa sukari katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Matokeo yalitoka mwaka 1989: wenye sukari walikuwa karibu mtu mmoja tu kati ya 100. Mwaka 2012 ukafanyika uchunguzi wa nchi nzima, mjini na vijijini, kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Wenye sukari karibu mmoja kati ya 11. Wenye presha mmoja kati ya wanne. Vipimo na watu waliopimwa vilitofautiana, kwa hiyo usizilinganishe namba hizo kama bei za sokoni, lakini upepo unavuma upande gani unauona mwenyewe.

Mzee Trowell aliliona hilo mapema. Alipotembelea tena Afrika Mashariki mwaka 1970 alikuta mijini watu wamenenepa na kliniki za sukari zimeota. Orodha yake ya magonjwa yasiyokuwepo ilikuwa imeanza kufutika mstari kwa mstari.

Lakini tusidanganyane kuwa zamani ilikuwa peponi. Koko wangu alikula loshoro na maziwa mgando, akatembea kwa miguu hadi Ngaramtoni na mzigo kichwani, na presha hakuijua. Koko huyo huyo alizika watoto watatu kabla hawajaanza shule. Trowell yule aliyesifia tumbo la mwanakijiji ndiye aliyewaona watoto wa wanakijiji wakivimba na kufa. Hakuna anayetaka kurudi kule. Shida ni kwamba tumeikimbia njaa tukapitiliza, hatukushuka kituoni.

Na dona si uganga. Wataalamu wa leo wanasema unene, kukaa tu, chumvi, sigara, pombe na ukoo vina sehemu yao, na akina Trowell waliupa unga mzigo mkubwa kupita kiasi. Tena dona la mahindi yenye ukungu ni hatari: mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu. Chagua mahindi makavu na safi, usiniletee lawama.

Ninachokipenda kwa mzee huyu ni kwamba mara mbili aliacha kutazama dawa, akatazama sahani. Wewe kijana unayesoma hapa na soda mkononi, usisubiri kidonda kigome. Ukiwa na kiu isiyoisha na choo kidogo kisichoisha, kapime. Kipimo ni tone la damu kidoleni. Sukari na presha haziulizi umri wala haziogopi mtoto wa mjini.

Mama mkubwa kwa sasa amekubali nusu kwa nusu: ugali wa dona siku za kazi, sembe Jumapili na wageni wakija. Anatembea asubuhi kwa fimbo, dawa hakosi. Juzi nikamchokoza kuwa sijawahi kusikia ng'ombe wake wana sukari.

"Subiri," akanijibu, "nianze kuwalisha chipsi."