Vidole Vyangu Viwili na Michoro ya Mashine



Wengi mnanijua, mimi ndiye yule seremala wa vidole vinane. Watoto wakiniuliza huwa nawachekesha tu, nasema panya alikula. Leo niseme ukweli. Mwaka 1993 nilikuwa kijana kule Uvira, karakana moja yenye mashine ya zamani ya kuranda mbao. Nilisukuma kipande kifupi, kikaruka, mkono ukatumbukia. Tangu siku ile nilijua kosa ni langu.

Sasa mwezi uliopita mwanangu, anayejifunza useremala, alinionyesha kwenye simu michoro ya mashine za zamani. Ni hataza. Hataza ni hivi: mtu akibuni kitu, serikali inampa haki ya kukitengeneza peke yake kwa muda, na yeye anaeleza wazi kitu chenyewe kinavyofanya kazi, pamoja na michoro. Marekani enzi hizo ilikuwa miaka 17 tangu hataza itolewe. Ikiisha, yeyote atengeneze.

Tuliangalia namba 1,528,536 ya mwaka 1925, ya Raymond DeWalt, msimamizi wa kiwanda cha mbao huko New Jersey. Alining'iniza mota na msumeno kwenye mkono wa chuma juu ya meza. Mbao inatulia, msumeno ndio unavutwa. Kiingereza sijui, lakini mchoro niliuelewa wote! Na nyinyi mafundi bati msinung'unike, mashine zenu za kukata na kukunja bati nazo zimo.

Halafu tukafika kwenye randa. Hapo nikanyamaza.

Mashine iliyonikata ilikuwa na kichwa cha pembe nne, yaani kipande cha chuma chenye pande bapa, visu vimefungwa juu yake. Kikizunguka, kati ya upande bapa na ukingo wa meza panakuwa na nafasi kubwa. Mkono ukiteleza unaingia pale na kuvutwa. Kumbe mwanzoni mwa karne ya 20 mafundi walishaleta kichwa cha mviringo. Hicho kinajaza ile nafasi, visu vinatokeza kidogo tu. Kitakuchuna ncha ya kidole, lakini hakikumezi mkono. Uingereza, kanuni za mwaka 1922 zilikataza kuranda kwa kusukuma mbao kwa mkono bila kichwa cha mviringo. Elfu moja mia tisa ishirini na mbili, jamani! Mimi nilikatwa miaka 71 baadaye. Sikulia wakati ule, ila usiku huo mama watoto aliniuliza mbona sili.

Kijana alikuwa aanze kazi kwenye randa wiki iliyofuata. Nikamwambia, kabla hujagusa, zima, ngoja isimame kabisa, chungulia kichwa.

Jumatatu alirudi jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi.

“Baba, ni cha mviringo.”

“Haya. Lakini kipande kifupi usisukume kwa mkono, tafuta kijiti.”

Akaniambia kijiti ameshachonga.