Yaya yuko likizo

Mashine yangu ni ndogo, skrini inchi 10, memori GB 1, na kitufe cha M kiling'oka zamani. Yaya aliinunua ikiwa imetumika, kwa pesa ya kufyatua matofali. Ukiiwekea gemu ya kisasa inaunguruma kama kinu cha kusaga mahindi, halafu inazima. Basi tukabaki na za zamani, na katika hizo moja ndiyo ilitushika: Championship Manager ya msimu wa 2001/02.

Humo hukimbizi mpira kwa vidole. Wewe ni kocha. Unapanga kikosi, unasajili, unauza, na mechi ikianza huoni uwanja wala mchezaji, unasoma maandishi tu: fulani ana mpira, fulani anapiga, kipa anaokoa. Ni kama redio. Sisi tuliokulia hapa Nyarugusu, redio moja nyumba nane, hatukuona kimepungua nini. Tena haili betri. Nilikuwa nachajisha kwa mwenye sola pale sokoni, na chaji moja inafika miezi mitatu ya ligi. (Ndugu wa mashirika wakipita wanadhani niko kwenye kozi. Kozi nasoma pia, asubuhi.)

Yaya alichukua Derby County kwa sababu ya kijana mmoja tu, Tonton Zola Moukoko. Alizaliwa Kinshasa, akakulia Sweden, akafika Derby akiwa bado mdogo. Katika maisha ya kweli hakucheza hata mechi moja ya ligi na timu kubwa ya Derby. Lakini ndani ya gemu, aise, ni moto. Waliotengeneza walimkadiria kuwa atakuja kuwa mkubwa, basi humo anakuwa mkubwa. Yaya alikuwa anasema, "Huyu kesi yake ilipita kwenye kompyuta tu." Mimi nilichukua Newcastle, kwa ajili ya LuaLua, naye mzaliwa wa Kinshasa. Shabani Nonda, aliyezaliwa Bujumbura na kupitia Yanga, tulimgombania kila usajili. Monaco hawakumwachia yeyote kati yetu.

Halafu kesi ya Yaya ikapita. Yeye ameoa, ana namba yake. Yangu na ya mama ingali palepale. Usiku wa mwisho watu walijaa nyumbani kuaga, na sisi tukajificha nyuma ya pazia tukamaliza mechi moja. Alipofunga mashine akasema, "Dogo, mimi niweke likizo." Gemu inaruhusu hivyo: kocha akienda likizo, msaidizi wake anapanga timu, na jina la kocha linabaki. Asubuhi akapanda basi.

Hiyo ni miaka miwili sasa. Yuko Marekani, anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Akipiga simu anaongea kama mtu aliyelala nusu. Anamsalimia mama, anauliza mgao, kisha anashusha sauti: "Derby iko ya ngapi?"

Mwezi uliopita nikamjibu, "Ya sita."

Ilikuwa ya 18. Kwenye ligi ya timu 20, ya 18 inashuka daraja. Msaidizi alikuwa anawapanga wazee na kumweka Moukoko benchi, na mimi siwezi kumgusa, timu si yangu. Sikulala vizuri. Ningemwambiaje mtu anayekata nyama usiku kucha kwamba hata Derby imemshinda?

Mechi ya mwisho ya msimu Derby ilikuwa inacheza na mimi. Nikampumzisha LuaLua, nikapanga kikosi cha akiba, kipa mtoto. Moukoko akaanza siku ile, sijui msaidizi aliota nini. Dakika ya 20 bao. Dakika ya 71 bao. Nikaruka, mama akaniuliza kutoka jikoni, "Mmeshinda?" Nikamwambia hapana, tumefungwa. Akatikisa kichwa akarudi kwenye maharage yake.

Derby ikamaliza ya 17.

Jumapili Yaya akapiga. Nikamwambia imeshuka kidogo kutoka ya sita, lakini imebaki ligi kuu.

"Na Moukoko?"

"Mawili, siku ya mwisho."

"Alimfunga nani?"

"Mimi."

Akanyamaza. Nikasikia mashine za kiwandani nyuma yake. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha nyuma ya pazia, akasema mapumziko yamekwisha, wanamwita.