Vadai za Chennai: Nani Asimame Kwenye Karai?

Wabongo wengi tukienda India tunakwenda na bahasha ya eksirei mkononi. Sisi pia, Agosti 2023, hatukwenda fungate. Mimi na mume wangu tulimsindikiza mama mkwe Chennai kufanyiwa operesheni ya goti, tukakaa wiki tano. Mgonjwa akishatoka wodini anabaki na mazoezi ya mguu, na ninyi wasindikizaji mnabaki na muda mwingi pamoja na vyumba viwili vya kupanga vyenye jiko la gesi la mafiga mawili. Mpenzi msomaji, kama hujui ndoa yako ina uzito gani, kaa wiki tano hapo na mkweo.

Chennai ndio ule mji ulioitwa Madras hadi 1996. Uko pwani ya mashariki, jimbo la Tamil Nadu, na joto lake mtu wa Dar halimshangazi. Bajaji zimejaa barabarani, za njano, na madereva wanapiga honi kama wanalipwa kwa honi. Jioni watu humiminika ufukwe wa Marina kula dengu za kuchemsha zilizochanganywa na nazi. Pazuri, lakini mimi nilipapenda zaidi Mylapore, mtaa wa zamani unaozunguka hekalu la Kapaleeshwarar na bwawa lake lenye ngazi. Ikifika saa kumi na moja jioni, pua inakuongoza yenyewe: mafuta ya moto, tangawizi, na yale majani madogo ya kijani ambayo Wahindi hawapiki mchuzi bila kuyatia. Hapo ndipo zinapokaangwa vadai.

Sisi tungeziita bajia tukamaliza. Wenyewe wanazitofautisha. Kuna ya dengu zilizopaazwa, bapa, ngumu nje, ina vitunguu ndani. Kuna nyingine yenye tundu katikati kama donati, ya dengu nyeupe ziitwazo urad, ambazo ni jamii ya choroko yenye ganda jeusi. Tundu lile si urembo. Linasaidia katikati paive sawa na pembeni. Halafu kuna vidogo vya pilipili manga, vikavu kabisa, vinavyotungwa kama shada na kuvishwa sanamu ya Hanuman hekaluni.

Mtu wa Tanga, Unguja au Mombasa akiwekewa sahani ile na chatne ya nazi pembeni, wala hatauliza hiki nini. Neno bajia lenyewe tumelipata kwa Wahindi. Na wao nao wamechukua kwetu: kunde asili yake ni Afrika, na zilifika India zamani sana. Hata leo dengu zinazolimwa Kanda ya Ziwa huuzwa India kwa wingi, kwa hiyo usishangae bajia uliyoipandia ndege ikawa imetoka Shinyanga. (Wasomaji wetu wa Kenya, tusichanganyane: ndengu yenu ndiyo choroko yetu.)

Mwalimu wetu alikuwa mama mwenye nyumba, aliyeishi chini yetu. Tulimwita Amma, yaani mama kwa Kitamil. Siku ya kwanza nilishuka jikoni kwake na daftari. Akanitazama, akauliza, “Mumeo yuko wapi?” Nikamwambia yuko juu anaangalia kriketi asiyoielewa. “Mwite,” akasema.

Kumbe kwake anayekaanga ni mzee wake. Amma alitueleza kwa Kiingereza chake cha vipande vipande: vadai haisubiri mtu. Inatoka kwenye mafuta, inaliwa. Wewe unayekaanga unapeleka sahani mezani, unarudi, unapeleka nyingine, na ukija kukaa wenzako wameshashiba na zako zimelegea. “Miaka thelathini nimekula za baridi,” alisema. “Alipostaafu nikamkabidhi kijiko.” Mzee mwenyewe alikuwa kwenye karai, akacheka bila kugeuka.

Sasa mapishi. Chukua kikombe kimoja cha dengu zilizopaazwa, zile zilizokatika nusu bila ganda. Loweka saa mbili tu. Ukilaza usiku kucha zinabeba maji mengi, na maji ndiyo adui wa bajia kavu. Zimwage kwenye chujio, ziache nusu saa zichuruzike vizuri. Toa vijiko viwili vya dengu nzima, weka kando. Zilizobaki saga bila tone la maji, mashine ikiwashwa na kuzimwa, mpaka upate mchanganyiko wa chengachenga unaoshikana ukiubinya. Usiulainishe kama uji! Rudisha zile dengu nzima. Hizo ndizo zinazolia mdomoni. Tia kitunguu kimoja kilichokatwa vidogo, pilipili mbichi mbili, tangawizi, shamari kijiko cha chai, kotimiri, na yale majani ukiyapata. Chumvi iwe ya mwisho kabisa, mafuta yakiwa tayari jikoni, maana chumvi inakamua maji ya kitunguu.

Finyanga donge, libonyeze kiganjani liwe bapa. Kingo zikichanika kidogo ziache, ndizo zitakazokauka vizuri kuliko zote. Mafuta yawe na kina cha vidole viwili, moto wa wastani. Tupia kipande kidogo: kikizama kisha kikapanda taratibu na povu, anza. Kikiruka juu hapohapo na kuwa cheusi, punguza moto, la sivyo utakula ganda lililoungua lenye unga mbichi ndani. Weka nne au tano tu. Ukijaza karai mafuta yanapoa, na mafuta yaliyopoa yanaingia kwenye bajia. Usizichokonoe. Lile povu ni maji yanayotoka kama mvuke. Likipungua na sauti ikishuka, ujue zimekauka. Zitoe uziweke kwenye wavu. Na nakuomba, usizitie kwenye hotipoti. Mvuke wake wenyewe utazilegeza ndani ya dakika tano, na kazi yote imekwisha.

Mume wangu alishika haraka kuliko nilivyotarajia. Kazi ilikuwa kwa mama yake. Jumapili ya tatu, tukiwa kwetu juu, yeye alisimama kwenye jiko na mimi nimekaa na sahani. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya stuli, anatazama. Yeye ni mtu wa zamani, kwao mwanamume huingia jikoni kuomba moto wa sigara. Akavumilia karai la kwanza. La pili akashindwa.

“Mwanangu, mkeo anaumwa?”

Mimi nikaacha kutafuna. Mume wangu akageuza bajia zake moja moja, hakuinua sauti. “Hapana, Mama. Anakula.”

Kimya kile nadhani kilisikika mpaka kwa Amma. Kisha akaja na sahani, akampa mama yake mbili zinazotoa moshi, akarudi kwenye jiko. Mama mkwe akavunja moja, ikalia. Akala bila neno. Akala ya pili. Halafu akanisogezea chatne na kusema, bila kunitazama, “Kula basi, zitapoa.”

Chatne yenyewe ni rahisi: nazi iliyokunwa, pilipili mbichi, tangawizi na ndimu, saga, kisha mwagia juu kijiko cha mafuta ya moto yenye haradali iliyopasuka. Dar utapata dengu zilizopaazwa kwenye maduka ya Kihindi karibu na Kisutu. Angalia zisiwe na vumbi la unga, hizo zimekaa sana dukani. Kama mko wawili, mkishafika karai la pili mpokee mwenzio kijiko, yeye akae.