Kaktusi niliyoachiwa na mama wa Masisi

Mama mmoja aliyehama Masisi alikaa kwenye lupango letu hapa Goma karibu mwaka mzima. Siku ya kurudi hakujua kama nyumba yake bado imesimama, basi akaniachia kaktusi yake ndani ya kopo la maziwa. "Mwanangu, nilikimbia nayo. Unichungie, nitatuma mtu." Nikakubali. Kazi yangu ni mikrofoni, mimea siijui.

Baada ya miezi miwili niliona weupe katikati ya miiba. Nikasema ni vumbi, maana Goma vumbi halikosi. Kaktusi ikaanza kuwa njano. Nikafikiri ina kiu, nikainywesha kila asubuhi, na hilo likawa kosa. Kosa la pili lilikuwa baya zaidi: nilichukua dawa ya mende, nikapuliza saa sita mchana juani. Upande mmoja ukaungua, ukabaki na kovu la kahawia.

Aliyeniokoa ni mtaalamu wa kilimo aliyekuja studio kwa kipindi. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Akauliza jambo moja tu: "Kuna sisimizi?" Ndiyo, walikuwa wamejipanga mstari hadi kwenye kopo. Akanieleza kwamba ule weupe ni wadudu wadogo waliojifunika nta kama pamba. Wananyonya maji ya mmea, wanatoa utamu, na sisimizi wanakuja kuulamba na kuwalinda. Gusa kwa kijiti: vumbi litapukutika, lakini wao wanashikamana. Kama unaona magamba ya kahawia yanayobanduka kwa ukucha, na hao pia ni wanyonyaji, dawa ni ileile.

Nilitenga kopo mbali na mimea mingine. Nilichovya pamba kwenye alkoli ya kusafishia kidonda, nikafuta mmoja mmoja, hadi kwenye mikunjo. Asiye na alkoli atumie kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, apulize jioni, kisha asuuze. Sabuni ya unga ya kufulia aiache, inachoma ngozi ya mmea. Nikarudia kila wiki kwa mwezi mzima, kwa sababu mayai hubaki. Mwishoni nikaitoa kwenye kopo: walikuwa hata kwenye mizizi! Nikaosha, nikaiacha siku kadhaa kivulini ikauke, nikapanda upya kwenye changarawe nyeusi ya volkano. Hapa kwetu hiyo ni bure, na haituamishi maji.

Wazee wetu wanamfahamu ndugu wa mdudu huyu. Katika miaka ya 1970 aliingia katika mihogo ya Zaire, akafanya majani yajikunje, sombe ikapotea na viazi vyake vikabaki vidogo. Aliyemshinda ni nyigu mdogo sana aliyetafutwa Paraguay, akaanza kuachiliwa Afrika mwaka 1981. Kwa kopo moja dirishani, pamba inatosha.

Wiki iliyopita mama alipiga simu. Nyumba ipo, bati zimeondolewa. Akauliza, "Na kaktusi yangu?" Nikamwambia imetoa watoto wawili, ni kweli. Nimekata mmoja, nitampa dereva wa Sake amfikishie. Habari ya kovu sijamwambia.